Mwani unanata, manjano imepauka: somo lianzie wapi?

"Habari za kazi. Ninafundisha ushonaji na ubunifu wa mavazi katika chuo cha ufundi mkoani Tanga. Muhula huu mkuu wa chuo ametaka tuingize somo la mitindo endelevu, yaani malighafi zinazotokana na mimea na viumbe, pamoja na uchumi wa mzunguko. Nina wanafunzi 22. Nilipata mtandaoni kanuni ya kutengeneza 'ngozi' kwa agari na gliserini. Agari sikuipata, nikatumia mwani mkavu niliotumiwa kutoka Paje, Unguja. Karatasi zilizotoka zinanata kama ulimbo, na siku ya sita zikaota ukungu. Tukatia rangi vitambaa vya marekani kwa manjano na kwa bitiruti. Siku ile rangi ilipendeza sana. Baada ya wiki mbili dirishani vimebaki rangi ya chai ya maziwa. Mwanafunzi mmoja akaniuliza mbele ya darasa: 'Mwalimu, nguo hii nani atainunua?' Nilikosa jibu. Mkuu sasa anataka tununue mashine ya kuchakata nyuzi za mgomba. Mimi nafikiria kurudi kwenye sketi na mashati. Nimekosea wapi? Somo hili linafundishika kweli kwenye chuo kisicho na maabara?"

Mwalimu mwenzangu, pole, na hongera pia, maana umeeleza waziwazi mambo ambayo wengi wetu huyaficha kabatini. Nikikusoma vizuri, kinachokusumbua hasa si ukungu. Unaogopa kwamba somo hili ni la vyuo vya Ulaya vyenye maabara, na kwamba unawapotezea muda vijana ambao wazazi wao wanalipa ada ili wajue kukata suruali. Nitaanza na ukungu hata hivyo, kwa sababu jibu la hofu ile kubwa limo humo humo.

Agari na mwani wa Paje ni vitu viwili. Agari ni gundi inayotoka kwenye mwani wa jamii ya Gelidium na Gracilaria. Mwani unaolimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989 ni wa aina mbili: ule ambao wakulima huuita mwembamba, yaani spinosum, na ule mnene, yaani cottonii. Zote mbili hazitoi agari, hutoa gundi iitwayo karajinani. Nazo karajinani hazifanani tabia. Ile ya mwani mnene ikikutana na potasiamu huganda ngumu, na ukiikunja inakatika; ndiyo maana viwanda huuchemsha mwani huo kwenye maji ya potasi. Ya mwembamba inashikana na kalisi, na ikiganda inakuwa laini, inanepa, kama uji ulioachwa sufuriani usiku kucha. Mwani mnene umekuwa taabu kuulima tangu maji ya kina kifupi yalipozidi joto na maradhi kuongezeka, kwa hiyo aliyekuagizia mwani Paje bila kuulizwa aina yamkini amekuletea mwembamba. Kanuni yako iliandikwa kwa gundi inayokauka kavu. Wewe ukaipa gundi inayopenda kubaki mbichi.

Halafu kanuni ilitaka agari iliyokwisha kusafishwa, unga mweupe. Mwani mkavu wa gunia ni gundi, ndiyo, lakini pia ni chumvi, mchanga, na maganda ya mmea wenyewe. Chumvi hiyo ndiyo iliyokumaliza. Tazama kikopo cha chumvi jikoni kwako wakati wa masika: asubuhi kimelowa, na hakuna aliyemwagia maji. Karatasi yako ilikuwa ikifanya hivyo hivyo mchana na usiku, ikivuta unyevu wa hewa ya Tanga.

Juu ya chumvi kukawa na gliserini. Wanafunzi waelewe kazi yake, maana hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Gundi ya aina hii ni minyororo mirefu. Maji yakitoka, minyororo inakaribiana, inashikana, karatasi inakuwa kavu na inapasuka kama kaki. Gliserini huingia katikati na kuizuia isikumbatiane sana, ndipo karatasi inakunjika. Lakini gliserini nayo huvuta maji kutoka hewani. Ukiweka kidogo inavunjika, ukizidisha inanata. Kiwango kinachofaa kwenye mji mkavu wenye baridi hakiwezi kufaa pwani mwezi wa Aprili. Hakuna kanuni ya mtandaoni itakayokuambia hilo. Litaambiwa na vipande vitano vidogo vilivyomwagwa siku moja, kila kimoja na gliserini tofauti, vikaandikwa tarehe kwa kalamu.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya nyuma nilishona kizibao cha jelatini, gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, chepesi, kinapitisha mwanga kama kaharabu, nikakipeleka kwenye maonyesho Dar es Salaam katikati ya masika. Nilikikunja begini nikiwa Arusha. Nilipofika na kufungua, mgongo ulikuwa umeshikana na kifua, na katikati umenaswa risiti ya basi. Wageni walidhani ni sanaa. Sikuwasahihisha.

Kwa kuanzia, basi, ningekushauri jelatini kabla ya mwani, kwa kuwa inatabirika zaidi. Kanuni ya kawaida ni maji mililita 240, jelatini gramu 48 na gliserini gramu 12. Ulizia chanzo chake kabla ya kuinunua: nyingine hutokana na nguruwe, na Tanga huwezi kumwambia mwanafunzi Mwislamu aishike bila kumjulisha. Ya ng'ombe iliyothibitishwa halali ipo, nunua hiyo. Kisha waache wanafunzi wapige hesabu wenyewe. Mchanganyiko mzima ni gramu 300. Maji yakiondoka zinabaki gramu 60 na unyevu kidogo. Yaani sehemu nne kati ya tano za ulichomwaga zitaruka hewani, na kitu kilichopoteza kiasi hicho lazima kisinyae, na kwa vile kingo hukauka kabla ya katikati, lazima kijikunje. Aliyefanya hesabu hii hashangai karatasi inapopinda. Anaibana kingo mapema, au anaimwaga juu ya kitambaa cha pamba kikae ndani yake kama mifupa. Kuhusu ukungu: mwaga nyembamba, kausha penye upepo siku mbili za mwanzo, na ongeza matone machache ya mafuta ya karafuu, ambayo huudhi ukungu na hayapatikani kwa shida pande zetu.

Nakuomba pia uache neno "ngozi". Ngozi ni kitu kingine, na ukimwahidi mtu ngozi atakuja kukudai viatu. Hata bidhaa maarufu za ng'ambo zinazoitwa ngozi ya mimea zina siri zake. Piñatex, kwa mfano, ina nyuzi za majani ya nanasi kweli, lakini zimechanganywa na plastiki ya wanga iitwayo PLA na juu zikapakwa utando wa kiplastiki. Mylo, ile ya uyoga iliyoshangiliwa na majumba makubwa ya mitindo, uzalishaji wake ulisimamishwa mwaka 2023. Sisemi hivi kuwakejeli. Nasema ili ujue kwamba waliokuwa na mamilioni ya dola nao walinatiwa.

Sasa nije kwenye dhana ambayo naisikia nyuma ya barua yako, na karibu kila darasa nililoingia: kwamba kilichotoka kwenye mmea kinaoza, na kinachooza ni salama. Hayo ni maswali matatu, na kila moja lina jibu lake. Iko nailoni inayotengenezwa kwa mafuta ya mbarika; imetoka shambani, lakini haiozi kama vile nailoni nyingine haziozi. PLA imetoka kwenye wanga wa mahindi na inaoza, ila inataka mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60. Ukiitupa ufukweni Raskazone utaikuta mwakani. Kitambaa cha viskosi kimetokana na miti, na kipande chake kinaoza vizuri tu, lakini namna ya kawaida ya kukitengeneza hutumia kemikali iitwayo kaboni disulfidi ambayo imewadhuru wafanyakazi wa viwanda kwa zaidi ya miaka mia. Mwanafunzi akishika kitu mkononi aulize: kimetoka wapi? Kitaishia wapi? Nani ameumia katikati?

Kuna jaribio moja linalofundisha haya kuliko hotuba zangu, na gharama yake ni shati kuukuu. Tafuta shati la pamba tupu, lizikeni kwenye udongo wenye rutuba nyuma ya chuo, kina cha kiganja, mlimwagilie kama mchicha. Chimbueni baada ya miezi miwili hivi. Pamba itakuwa imeliwa, sehemu nyingine yote, nyingine imebaki matundu. Lakini mtakachokiinua kitakuwa bado na umbo la shati: mishono yote imesimama, kola inaning'inia kwa mstari wa uzi, lebo inasomeka namba ya saizi, vifungo viko mahali pake. Uzi ulikuwa wa polista. Ni mifupa ya shati. Sijawahi kuona darasa lililobaki vile vile baada ya kuishika, na ni hapo hapo unapoweza kuandika ubaoni maneno "uchumi wa mzunguko" bila mtu kusinzia.

Kwa sababu ndicho kiini chake. Wanaoandika juu ya uchumi huu, wakiwamo msanifu majengo William McDonough na mkemia Michael Braungart ambao wameueleza kwa mapana tangu 2002, hutenganisha njia mbili. Kuna vitu vinavyorudi udongoni, na kuna vitu vinavyorudi kiwandani: polista, zipu ya chuma, kifungo. Kila njia inafanya kazi yake vizuri. Balaa huanza unapovifunga pamoja vya njia zote mbili kiasi kwamba hakuna anayeweza kuvifungua. Pamba iliyosokotwa pamoja na polista kwenye uzi mmoja haiendi shambani wala haiendi kiwandani kwa urahisi. Mwaka 2017 Taasisi ya Ellen MacArthur ilikadiria kwamba malighafi ya nguo inayorudi kuwa nguo mpya haifiki asilimia 1. Kwa hiyo mbunifu anayeshona kwa uzi wa pamba, akaweka vifungo vinavyokatika na kutumika tena, na akaacha kubandika kola kwa gundi ya pasi, amefanya kazi kubwa kuliko aliyemwaga karatasi ya mwani. Na hiyo ni kazi unayoifundisha tayari. Ni ushonaji.

Hapo ndipo naona ulipokosea, kama ni kosa: ulianza na bidhaa ya mwisho. Vijana wafundishwe kwanza tabia ya kitu, sifa zake nzuri zitafuata. Anza na kiberiti na koleo ndogo, nje ya darasa, beseni la maji kando. Kila mmoja alete vipande vitano vya kitambaa kutoka kwa fundi wa mtaani kwao. Pamba ikiungua inanuka karatasi na kuacha majivu mepesi. Polista inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu. Mchanganyiko unafanya yote mawili. Utashangaa ni kanga ngapi zilizouzwa kuwa pamba zitaacha shanga.

Rangi sasa. Bitiruti usiilaumu, haikuwahi kuwa rangi ya nguo. Wekundu wake huharibiwa na joto na mwanga, na haushiki pamba; ulichokiona siku ile kilikuwa doa. Manjano ni kisa kingine. Inashika pamba yenyewe bila msaada, lakini jua huila upesi, na sabuni huigeuza. Kila aliyewahi kumwagikiwa na mchuzi wenye manjano kwenye kanzu anajua: doa la njano, ukilipaka sabuni ya mche linakuwa jekundu kama damu. Ni kwa sababu rangi ile hubadilika ikikutana na kitu cha magadi. Usiitupe, ifundishe kama kipimo cha sabuni, na uwaonye wasiiuze kama rangi ya nguo.

Kwa rangi ya kudumu kwenye pamba unahitaji daraja. Pamba haina mkono wa kushikia rangi nyingi za mimea, tofauti na sufu na hariri ambazo zina asili ya mnyama. Shabu, ile ile ya kinyozi, hujishika kwenye kitambaa na kuishika rangi, lakini kwenye pamba tupu inashika kwa shingo upande. Kwa hiyo wazee wa kazi hii, India na kwingineko, walitanguliza tanini: maganda ya komamanga, magome, majani makavu yenye ukakasi. Mpangilio ni huu. Chemsha marekani kwanza na magadi na sabuni saa moja au mbili mpaka maji yawe ya kahawia. Usipofanya hivyo wanga na nta iliyomo itakataa kila kitu. Suuza. Loweka kwenye maji ya maganda ya komamanga usiku mmoja. Kisha shabu, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, iyeyushwe kwenye maji ya moto. Ndipo rangi: maganda ya vitunguu, majani ya mwembe, au mizizi ya mdaa ambayo wasusi wa mikeka ya pwani wamepakia rangi ukindu nayo tangu zamani. Ukitaka kijivu au nyeusi, ongeza maji ya misumari iliyolala kwenye siki. Kidogo tu, maana chuma kikizidi kinaila pamba na kitambaa kitachanika baada ya mwaka.

Magome ya mkoko yana tanini nyingi, na zamani yalisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani hii kwenda kutengeneza ngozi. Usimtume mwanafunzi kuyabandua. Mikoko inalindwa kisheria, na somo la mazingira litakuwa limejikata mguu.

Kila kipande kigawanywe: nusu ifunikwe kwa kadibodi, nusu iachwe dirishani wiki mbili. Kingine kifuliwe mara tano. Viwandani hulinganisha na vipande vya sufu ya buluu vyenye daraja la 1 mpaka 8. Wewe linganisha na nusu iliyofunikwa, inatosha. Kumbe darasa lako lilifanya jaribio hili bila kujua. Vitambaa vyako vya rangi ya chai ya maziwa ni matokeo halali kabisa, vibandike kwenye daftari.

Mabaki ya mkasi nayo yanataka mizani. Kitabu kitakuambia asilimia 15 ya kitambaa huishia sakafuni. Usiwapangie namba, wapime wenyewe: kitambaa kabla ya kukata, mabaki baada ya kukata, waandike. Halafu leta kanga mbele ya darasa. Ni mstatili, kama sentimita 150 kwa 110, huuzwa doti, hukatwa katikati na kukunjwa pindo. Mabaki yake ni sifuri. Inavaliwa, inabebea mtoto, inakuwa shuka, nepi, mwisho tambara la kudekia. Kikoi hivyo hivyo, na kanzu ya zamani iliyokatwa kwa mistari iliyonyooka haiko mbali nayo. Wape zoezi: blauzi moja kutoka mstatili mmoja, mabaki yasizidi kiganja. Watalalamika wiki mbili. Wiki ya tatu mmoja atagundua kwamba mkono wa pembetatu ukikatwa hapa unatoa kola pale, na huyo ndiye atakayewafundisha wenzake.

Wapeleke pia kwa mafundi wa kupunguza, wale wanaokaa pembeni ya soko la mitumba na cherehani moja na kiti cha mteja. Suruali ya kiuno 42 inatoka ikiwa 32, koti la mzee linakuwa la kijana. Nikiulizwa uchumi wa mzunguko unafananaje, nawaonyesha hao kabla ya kiwanda chochote, kwa sababu nguo iliyorekebishwa imebaki nguo, lakini iliyosagwa imekuwa pamba fupi isiyofaa ila kujazia mito au kuchanganywa na mpya. Na mjadala wa mitumba uuache uwake. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa msamaha wa ushuru, wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 ikasimamishiwa msamaha huo kwa nguo zake. Nani alikuwa na haki? Sina hamu ya kuwapa jibu, na wewe usiwape.

Tuje kwenye mashine ya mkuu wa chuo. Kwa heshima zote, mwambie asubiri. Gogo la mgomba zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji. Utabeba kilo mia upate nyuzi za kujaza kikapu kimoja. Nyuzi zenyewe ni nzuri, lakini ni kakamavu. Uganda kuna kampuni ya TexFad inayozifanyia mazulia na hata nywele za kusukia, kwa hiyo soko lipo, lakini ona walichochagua: hawakuchagua shati. Kuzilainisha hadi ziwe uzi wa shati kunataka vimeng'enya au kostiki soda, na kostiki, kemikali inayounguza, sitaki kuiona karibu na darasa la watu 22. Kwa kuonja, panga butu na ubao vinatosha. Kila mwanafunzi akwangue ganda moja la gogo, akaushe, asuke kamba. Atakuwa ameelewa.

Halafu, Mwalimu, mko Tanga. Mnatafutia nini mgomba? Richard Hindorf alileta mkonge hapo mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imefika hai, na mkoa mzima ukasimama juu yake. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, nyuzi ni kama kilo 4. Kilo 96 zilizobaki ni maji na makapi, na swali la zile 96 ndilo somo lenu lote. Hale ulijengwa mtambo wa kuyageuza makapi hayo kuwa gesi na umeme. Muheza kuna kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano. Safari ya siku moja kwa daladala itawapa wanafunzi wako kitu ambacho mwenzako wa London angepanda ndege kukiona.

Na ukitoka kidogo nje ya mkonge, kuna usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Akina mama wa pwani hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la bahari miezi kadhaa, bakteria wale wale wa kwenye tope wakala gundi inayoshikanisha nyuzi, kisha wanayafukua, wanayaponda na kusokota kamba. Hiyo ni bayoteknolojia, bila koti jeupe. Kule Buganda, na kwa Wahaya wa Kagera, gome la mutuba huambuliwa mti ukiwa hai, hufungwa majani ya mgomba ili lirudi, na lile lililoambuliwa hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka litanuke liwe kitambaa laini cha rangi ya udongo. UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Ukitaka kitambaa kisichofumwa chenye mwili kama wa ngozi, ndicho hicho, na hakinati.

Kuhusu yule aliyeuliza nani atanunua: mpe alama za juu, kisha mjibu ukweli. Karatasi ya jelatini haitanunuliwa na mtu leo, labda kama urembo au taa ya mezani. Kitambaa cha rangi ya mimea kina wateja wachache wenye uwezo, watalii na maharusi fulani, na watataka kujua kama kinachuja. Vikapu, mazulia na mifuko ya mkonge vina soko la kila siku lenye ushindani mkali. Kitakachomlisha mhitimu wako mwaka wa kwanza ni kurekebisha, kupunguza, na kukata bila kupoteza, kwa sababu anayeokoa robo ya mita kwenye kila sare kumi ana faida ambayo jirani yake hana. Kwa hiyo usiache sketi na mashati. Ningekuwa wewe nisingefanya somo hili kipindi cha pekee cha Ijumaa mchana, lingekufa. Ningelitia ndani ya kukata na kushona kule kule, na kumwaga karatasi kungekuja wiki za mwisho, kama halua baada ya chakula. Wala usisahihishe nguo peke yake. Sahihisha daftari: vipimo, tarehe, kipande kilichoharibika na sababu yake.

Lipo eneo ambalo barua haitoshi, na hapo utafute mtu uso kwa uso. Usitumie mrututu kushikisha rangi hata kama mtu amekuambia unatoa kijani kizuri. Ni shaba, ni sumu kwa samaki, na maji yake hayana pa kwenda. Dawa za kromiamu usizisogelee kabisa. Sufuria za rangi zisirudi jikoni, na unga wowote upimwe madirisha yakiwa wazi, pua imefunikwa; mwanafunzi mwenye pumu akianza kukohoa, atoke, na ikijirudia aonwe na daktari kabla hajaendelea. Mkifika hatua ya kutia rangi kwa mapipa badala ya sufuria, kaeni kwanza na watu wa mamlaka ya maji au wa usimamizi wa mazingira muwaulize maji machafu yatapita wapi. Na siku mtakapotaka kuandika kwenye lebo kwamba bidhaa inaoza au haichuji, pelekeni sampuli kwa wanaopima, TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda) au TBS (shirika la viwango), badala ya kutegemea shimo letu la nyuma ya chuo. Kwa mambo ya nyuzi zenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za uhandisi na ubunifu wa nguo; waandikie, walimu wa pale hupenda maswali ya namna yako. Na kwa mwani, Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Unguja. Wapelekee konzi moja wakuambie ni mwembamba au mnene.

Zile karatasi zinazonata bado unazo? Zilizoota ukungu zifukieni kando ya lile shati. Zilizosalimika zikateni vipande, zilowekeni kwenye maji baridi usiku mzima, mmwage maji yale mara mbili tatu ili chumvi ipungue, kisha mzirudishe kwenye moto mdogo. Gundi hizi zikipata moto huyeyuka tena. Chujeni kwa kitambaa, mwage nyembamba kuliko mara ya kwanza juu ya kipande cha marekani, na msiongeze gliserini hata tone.